Maswali Yenu: Nani Mwenye Kauli Juu ya Masomo ya Uzamili na Uzamivu?

Swali: Idara imenichagua kuiwakilisha kwenye kamati ya chuo ya masomo ya uzamili na uzamivu. Katika kikao cha kwanza niliona tunapitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Kamati hii ina mamlaka gani hasa?

Jibu: Soma kwanza hadidu za rejea za kamati, yaani hati inayoeleza kazi na mamlaka yake, na utazame vitenzi. “Kuamua”, “kupendekeza kwa seneti” (baraza kuu la taaluma la chuo) na “kushauri” havina uzito sawa, na kamati nyingi hujikuta zikishauri mahali ambapo zimepewa nguvu ya kuamua, kwa sababu tu hakuna aliyefungua hati hiyo kwa miaka mingi.

Kwa kawaida wanataaluma hushika yanayogusa thamani ya shahada yenyewe: sifa za kujiunga, mitaala, nani anaruhusiwa kusimamia tasnifu, uteuzi wa watahini wa ndani na wa nje, muda wa juu wa kumaliza masomo, na rufaa za kitaaluma. Ada, majengo na ajira ni za utawala. Mpaka huo huvukwa kwa urahisi: kuongeza idadi ya wanafunzi huonekana ni suala la fedha, mpaka mtu ahesabu wasimamizi waliopo. Nchini Marekani, tamko la mwaka 1966 kuhusu uendeshaji wa vyuo, lililoandaliwa kwa pamoja na vyama vya wahadhiri, vya viongozi wa vyuo na vya bodi zao, liliwapa wanataaluma jukumu la msingi katika mitaala, ufundishaji na utafiti. Bodi au mkuu wa chuo akitaka kupindua uamuzi wao katika mambo hayo, iwe kwa nadra na kwa sababu nzito zilizoelezwa wazi.

Kuhusu kupitisha tu, chanzo mara nyingi ni makabrasha. Yakifika usiku wa kuamkia kikao, hakuna anayesoma, na asiyesoma hana cha kupinga. Pendekeza kanuni moja: makabrasha yafike siku 7 kabla, na kisichofika kisubiri kikao kijacho. Pia ajenda ionyeshe lipi ni la uamuzi na lipi ni la taarifa. Hayo ya taarifa ndiyo ya kuyakodolea macho. Kabla ajenda haijathibitishwa, mjumbe anaweza kuomba suala lihamishwe kutoka taarifa kwenda kwenye uamuzi. Baada ya hapo, kulirudisha ni kazi ngumu.

Swali: Andiko letu la programu mpya ya uzamili limerudishwa mara ya pili. Tunaambiwa “boresheni”, basi. Kamati hutafuta nini?

Jibu: Kwanza, mna haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kifungu kwa kifungu. “Boresheni” si uamuzi. Ombeni dondoo ya muhtasari wa kikao.

Makosa yanayorudisha maandiko ni yaleyale. La kwanza ni hesabu isiyosimama ya krediti, yaani vipimo vya kazi ya mwanafunzi katika kozi. Ulaya, mwaka wa masomo ya muda wote una krediti 60, sawa na saa 1,500 hadi 1,800 za kazi ya mwanafunzi, yaani saa 25 hadi 30 kwa krediti moja. Uzamili kwa kawaida huwa na krediti 90 hadi 120. Uingereza krediti moja ni saa 10, na uzamili wa kufundishwa ni krediti 180, ambazo ni kama 90 za Ulaya. Chuo chenu kina kipimo chake. Shikeni hichohicho tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha fanyeni hesabu. Kozi ya krediti 6 za Ulaya ni saa 150 hadi 180. Mkifundisha saa 3 kwa wiki 14, mmetumia saa 42. Saa 108 hadi 138 zilizobaki mwanafunzi anafanya nini? Kama andiko halijibu, litarudi.

La pili ni wasimamizi. Tuseme mnadahili wanafunzi 25 kwa mwaka na mna wahadhiri 5 wenye sifa za kusimamia. Kila mmoja anapata 5, na kwenye karatasi inapendeza. Sasa mmoja aende likizo ya utafiti, na wanafunzi 8 wa mwaka uliotangulia wawe hawajamaliza: tasnifu 33 kwa watu 4. Kamati makini hufanya hesabu hii ya pili. Ifanyeni nyinyi kwanza, mpunguze udahili au mtaje wasimamizi wa idara nyingine waliokubali kwa maandishi.

La tatu ni kozi za kuazima. Mkiweka kozi ya idara nyingine, ambatisheni barua ya mkuu wa idara hiyo yenye idadi ya nafasi. Na kama wanafunzi wa shahada ya kwanza wanakaa darasa lilelile, onyesheni kazi na mitihani inayowatofautisha. Kuongeza ukurasa mmoja wa insha hakutoshi.

Swali: Niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Sasa tunaambiwa lazima mtu awe amechapisha makala moja kabla ya kutetea tasnifu. Nilipodahiliwa sharti hilo halikuwepo. Linanibana?

Jibu: Desturi katika vyuo vingi ni kwamba mwanafunzi hufuata kanuni za mwaka aliodahiliwa, isipokuwa kanuni mpya iseme vingine. Kwa hiyo jibu lipo kwenye maandishi ya kanuni yenyewe. Tafuta mwongozo wa mwaka wako wa udahili, muhtasari wa kikao kilichopitisha sharti hilo, na tarehe ya kuanza kutumika. Angalia kama kuna kifungu cha mpito, kinachosema waliokwisha kudahiliwa wafuate kanuni ipi. Kama hakuna, mwandikie mratibu wa idara barua fupi, ukiambatisha kurasa husika na kuomba tafsiri ya maandishi. Nakala mpe msimamizi wako. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya kuwasilisha tasnifu.

Jihadhari na kitu kimoja. Vyuo vinavyomruhusu mwanafunzi kuhamia kanuni mpya kwa kawaida humtaka azichukue zote. Ukizitaka kwa sababu zimepunguza kozi, utabeba na makala.

Swali: Mwenyekiti wetu huidhinisha mambo peke yake wakati wa likizo. Ni sawa?

Jibu: Ni sawa kwa mambo machache: kumbadilisha mtahini aliyeugua, au kumwongezea mwanafunzi muda pale ambapo kanuni tayari imeweka ukomo. Kila alichoidhinisha kiletwe kikao kinachofuata pamoja na sababu, kiingie kwenye muhtasari. Kumfukuza mwanafunzi, kubadili kanuni au kupitisha programu hakufanywi kwa saini moja. Na kama mwanafunzi anayehusika anasimamiwa na mwenyekiti mwenyewe, saini iwe ya makamu wake. Katibu aweke daftari la ruhusa hizi: ruhusa ya aina moja ikijirudia kila muhula, kanuni yenyewe iletwe mezani irekebishwe.