ESR Ikishuka Huku Mgonjwa Anazidi Kuumwa, Usishangilie

Kama una ugonjwa wowote wa jamii ya baridi yabisi, au unamuuguza mwenye nao, karatasi za maabara umeshazizoea. Ukikabidhiwa tu, jicho linakimbilia ile alama ya mshale. Ukielekea juu, moyo unashtuka. Ukielekea chini, mnashusha pumzi. Mimi naishi na baridi yabisi ya viungo kwa miaka mingi, na mdogo wangu wa kike ana ugonjwa wa Still, ule unaoleta homa za jioni, vipele vya rangi ya waridi na maumivu ya viungo kwa pamoja. Jambo ninalotaka ulijue ni hili: kiashiria cha inflamesheni, yaani ule mwako wa kinga unaoleta uvimbe na maumivu, hakisomwi peke yake, na upo wakati ambapo kushuka kwake ndiyo habari mbaya kuliko zote.

Tuanze na vipimo viwili vya inflamesheni ambavyo kila mtu hupimwa, CRP na ESR. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale inapopata amri, na amri hiyo hutoka hasa kwenye kemikali ya kinga iitwayo intaleukini-6. Iligunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Sifa yake ni kasi: inaanza kupanda ndani ya saa chache tangu mwili uchokozwe, inafika kileleni baada ya siku mbili hivi, na kichocheo kikiondoka, nusu yake hupotea kila baada ya saa 19. Kwa hiyo CRP inakueleza habari za jana na leo.

ESR ni kipimo cha namna nyingine kabisa. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, kisha baada ya saa 1 wanaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Kwenye inflamesheni, protini ya kugandisha damu iitwayo fibrinojeni huongezeka, na chembe nyekundu hushikana kama sarafu zilizopangwa juu ya nyingine. Zikishikana zinakuwa nzito, zinazama upesi. Ndiyo maana ESR hupanda taratibu na kushuka taratibu, hata wiki kadhaa baada ya wewe mwenyewe kujisikia nafuu. Upungufu wa damu, ujauzito na umri pia huipandisha bila ugonjwa kuwa umeamka. Madaktari wana kanuni rahisi ya ukomo wake: kwa mwanamume, umri gawanya kwa 2, kwa mwanamke, ongeza 10 kwenye umri ndipo ugawanye kwa 2. Mama wa miaka 70 mwenye ESR ya 38 hana sababu ya kukosa usingizi kwa namba hiyo tu.

Sasa shika hilo neno fibrinojeni, kwa sababu ndilo lililookoa maisha nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alilazwa ugonjwa ulipoamka kwa nguvu. ESR yake ilikuwa inakaribia 100, CRP iko juu, feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) iko juu sana, mambo ambayo kwa ugonjwa wa Still hayashangazi. Siku chache baadaye ESR ikashuka mpaka karibu na 20. Daktari kijana aliyekuwa zamu akafurahi, akatuambia dawa imeanza kufanya kazi. Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa hafanani na hiyo namba. Homa iliyokuwa inakuja jioni na kuondoka sasa ilikuwa haikatiki mchana wala usiku. Alikuwa amelegea, anajibu maneno kwa kuchelewa, na fizi zinatoka damu akipiga mswaki.

Nilikuwa na daftari nililochora safu: tarehe, ESR, CRP, feritini, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), vipimo vya ini. Daktari bingwa alipopita aliliomba, akaweka kidole kwenye safu ya ESR inayoshuka, halafu kidole kingine kwenye safu ya feritini inayopanda, akateremka hivyo hivyo mstari kwa mstari. Chembe sahani, ambazo kwa mgonjwa wa Still mwenye inflamesheni hutarajiwa kuwa nyingi, zilikuwa zinapungua kila siku. Akaagiza fibrinojeni ipimwe saa hiyo hiyo. Ilikuwa imeshuka. Kumbe ESR haikushuka kwa sababu moto umezimika. Ilishuka kwa sababu fibrinojeni ilikuwa inatumika na kwisha mwilini, na bila hiyo chembe nyekundu hazishikani tena.

Hali hiyo madaktari huiita MAS (kwa Kiingereza macrophage activation syndrome). Seli za kinga ziitwazo makrofaji zinachachamaa, zinakosa breki, zinaanza kula hata chembe za damu za mwenyewe. Inaua, na inaua haraka. Humpata zaidi mwenye ugonjwa wa Still, awe mtoto au mtu mzima, na mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, pia hayuko salama. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana vigezo vya kuitambua kwa watoto wenye ugonjwa huo: mgonjwa ana homa, feritini imezidi 684 ng/mL, na kuna angalau mawili kati ya haya manne: chembe sahani 181 (elfu kwa kila maikrolita ya damu) au pungufu, kimeng'enya cha ini AST zaidi ya 48 U/L, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) zaidi ya 156 mg/dL, fibrinojeni 360 mg/dL au pungufu. Sikuandikii namba hizi ili ujitibu. Nakuandikia ili ujue ni safu zipi za kuwa nazo kwenye daftari lako, na uulize kwa sauti iwapo mojawapo haijapimwa. Na tazama mwelekeo zaidi ya namba yenyewe: chembe sahani 250 zinaonekana salama kwenye karatasi, lakini kama wiki iliyopita zilikuwa 520, hiyo ni ngazi inayoteremka.

Kwa wenzangu wenye lupasi, hesabu zinageuka tena. CRP mara nyingi hubaki ya kawaida au hupanda kidogo tu hata figo zikiwa zinashambuliwa. Ukiambiwa "CRP yako safi" huku miguu inavimba na mkojo una mapovu, usirudi nyumbani. Omba wapime protini kwenye mkojo, na C3 na C4, protini za kinga kwenye damu, ambazo kwa lupasi hushuka ugonjwa ukiamka kwa sababu zinatumika. Na kinyume chake kina uzito vile vile: mwenye lupasi ambaye CRP imeruka juu sana, daktari anapaswa kutafuta maambukizi kwanza, au maji yaliyojaa kwenye utando wa mapafu au moyo, kabla ya kuongeza dawa za kushusha kinga.

Upande wangu wa baridi yabisi, kuna watu ambao vidole vimevimba, asubuhi ngumi haifungi, na CRP iko kawaida. Wanaambiwa hawana kitu. Wana kitu. Kiungo kilichovimba kina sauti kuliko karatasi, na kipimo cha altrasaundi kinaweza kuonyesha inflamesheni ambayo damu haikuitaja. Tena usilipe kurudia kupima RF au anti-CCP (kingamwili za baridi yabisi) kila kliniki ukidhani zinaonyesha ukali wa leo. Hizo zinasaidia kutambua ni ugonjwa gani. Hazipandi na kushuka kufuata maumivu yako.

Na wapo ambao hata kusubiri majibu ni hatari. Mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyepata kichwa kipya kuuma kwenye panja, taya linauma akitafuna, au jicho moja limefifia ghafla, anahitaji daktari leo. Mishipa ya damu ya kichwani ikipata inflamesheni, upofu unaweza kuja kabla karatasi ya ESR haijatoka, na daktari anayejua kazi yake huanza steroidi, dawa za kushusha inflamesheni, kwanza.

Kuna jambo dogo linalotesa watu bure: vizio. Maabara moja huandika CRP kwa mg/L, nyingine kwa mg/dL, na tofauti yake ni mara 10. CRP ya 4 mg/dL ni sawa na 40 mg/L. Mtu akihama maabara anaweza kudhani amepona usiku mmoja, au amezidiwa. Andika kizio pembeni ya kila namba, na ikiwezekana pimia mahali pamoja.

Mwisho ni dawa. Tosilizumabu huziba njia ya intaleukini-6, ile ile inayoamuru ini litengeneze CRP. Ukiwa unaitumia, CRP inaweza kukaa karibu na sifuri hata kama una nimonia. Steroidi nazo huficha homa na kupandisha chembe nyeupe. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, husaidia kutambua maambukizi ya bakteria, ingawa ugonjwa wa Still wenyewe unaweza kuipandisha, hivyo nayo haimalizi maneno. Mdogo wangu sasa yuko kwenye dawa ya aina ya tosilizumabu, na anatembea na kadi yenye jina la dawa hiyo na tarehe ya dozi ya mwisho. Akifika hospitali yoyote, hata kwa kikohozi, kadi hiyo anaitoa kabla hajatolewa damu, na anamwambia daktari waziwazi kwamba CRP yake haiwezi kuaminika, amsikilize mapafu na ampige picha ya kifua.