Kwa nini wanatupa wali mtoni

Dada umeuliza kama ile sikukuu ya Wachina ya mitumbwi yenye kichwa cha dragoni ni michezo tu, hapana aisee, inaitwa Duanwu, ni siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda yao ndo maana tarehe inahamahama, mara nyingi Juni. Wanasimulia kwamba Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu, alifukuzwa, halafu mwaka 278 KK aliposikia mji mkuu umetekwa akajitosa mto Miluo, watu wakaingia na mitumbwi kumtafuta huku wanapiga ngoma na kutupa wali ili samaki wasimguse. Wali huo sasa ndo zongzi, mchele wa kunata unafungwa kwenye majani ya mwanzi pembe pembe hivi, unakazwa na uzi, unachemshwa masaa. Kaskazini wanatia kunazi, kusini nguruwe (kwa hiyo uliza kabla hujang'ata!). Ila mi naona Qu Yuan kapachikwa baadaye, mwezi wa 5 walikuwa wanauogopa toka zamani, joto na magonjwa, mpaka leo wananing'iniza majani yenye harufu kali mlangoni na watoto wanafungwa nyuzi za rangi 5 mkononi.