Handikapu 28 na shindano la wadhamini Nyali: usiogope

Ndugu yangu, umesema kampuni imekualika kucheza gofu Nyali, Mombasa, Jumamosi, handikapu yako (mapigo ya nyongeza unayopewa kulingana na uwezo wako) ni 28, na unahofia kuaibika mbele ya wadhamini. Nenda. Na kama wengi wenu ni wa ridhaa, kuna uwezekano mkubwa mtacheza kwa pointi, yaani Stableford, mfumo unaowahurumia watu kama sisi.

Shika hesabu hii. Kwa 28 unapewa pigo moja la nyongeza kila shimo, na la pili kwenye mashimo 10 magumu zaidi. Kwa hiyo shimo gumu la pa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 4, ukilimaliza kwa mapigo 6, unapata pointi 2 kamili. Ukifika 7 na mpira bado haujaingia, hakuna pointi tena hapo: okota, songa mbele. Shimo moja bovu haliharibu siku.

Shindano langu la kwanza mkono ulitetemeka hadi kijiti cha kuwekea mpira kikaanguka mara mbili. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee wa makamo, akakisimamisha mwenyewe, akaniambia, "Pumua kwanza, mwanangu." Msikilize kedi wako hivyo hivyo, hasa kuhusu upepo; kusi likivuma, fimbo uliyozoea haitoshi.

Mpira ukienda vichakani, tangaza kwamba unapiga mpira wa akiba, uupige palepale ulipopigia ule wa kwanza. Kutafuta ni dakika 3 tu.

Kadi ya matokeo ihakiki shimo kwa shimo na mwenzako kabla ya kutia sahihi. Kisha ubaki kwenye utoaji zawadi, uwashukuru wadhamini ana kwa ana.