Simu ilipoingia chini ya breki: je, gari la spoti linahitaji skrini?

Kona ilikuwa ya kushoto, ile aina inayozidi kubana kadiri unavyoingia. Nilikuwa gia ya tatu, mguu ukianza kurudi taratibu kwenye mafuta, ndipo kishikio cha simu kikabanduka kwenye kioo cha mbele. Mpira wake ulikuwa umelainika kwa jua la kutwa nzima. Simu ikateleza juu ya dashibodi kuja upande wangu, ikaanguka miguuni, na nilipokanyaga breki kwa ajili ya kona iliyofuata pedali ikagota kabla ya kufika nusu. Simu ilikuwa imejikita chini yake. Nilishusha gia mara mbili, nikavuta breki ya mkono, gari likasimama pembeni mwa barabara huku mikono yangu ikitetemeka.

Gari lenyewe lilikuwa Honda S2000. Wanaolijua watakumbuka kifuniko kidogo cha dashibodi kinachoificha redio kabisa, kana kwamba waliolibuni walitaka uisahau. Nilikipenda sana kifuniko kile. Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaosema gari la spoti ni usukani, gia, breki na injini, na kwamba anayeuliza kuhusu skrini akanunue gari la familia. Siku ile nilikaa pembeni mwa barabara nikiitazama simu yangu iliyopasuka kioo, nikakubali kwamba simu nilikuwa naileta ndani ya gari kila safari, siku zote. Nilichokataa ni kuipatia mahali salama pa kukaa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama CarPlay ya Apple au Android Auto ya Google, mifumo inayoleta ramani na muziki wa simu kwenye skrini ya gari, ina maana kwenye gari la spoti, jibu langu ni ndiyo. Ina maana kubwa, ila sababu yenyewe si ile inayotajwa kwenye matangazo.

Fikiria umri wa vitu ndani ya gari. Injini iliyotunzwa vizuri ina miaka 20 na zaidi mbele yake. Giaboksi vivyo hivyo. Skrini iliyopachikwa na kiwanda, yenye ramani zake na programu zake, huanza kuzeeka ndani ya miaka mitano. Baadaye niliongeza gari jingine la viti viwili, lenye mfumo mzima wa kiwandani, ambao siku linatoka ulisifiwa kila mahali. Nilipolipata mimi, ramani yake haikuzijua barabara zilizojengwa karibuni, kuisasisha kulikuwa ghali, na skrini ilikuwa ikiganda nikiwasha gari kukiwa na baridi. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba kiyoyozi nacho kiliendeshwa kupitia skrini hiyohiyo. Skrini ikiganda, hewa inabaki vilevile ulivyoiacha jana. Injini yake ilikuwa tamu hadi siku nilipoliuza, na niliuza kwa sababu ya skrini.

Wenye magari Marekani walionja jambo linalofanana na hilo mwaka 2022, kampuni kubwa za simu za huko zilipozima mitandao ya 3G. Magari mengi mazima kabisa yalipoteza huduma zilizotegemea modemu, kifaa cha kuunganisha gari na mtandao, iliyofungwa humo kiwandani. Simu ya mfukoni ungebadilisha. Modemu iliyozikwa ndani ya dashibodi inabaki humo.

Hapo ndipo kuunganisha simu kunaponifaa. Ramani, muziki na sauti ya kuongozwa njia vyote vinatoka kwenye simu, na simu utaibadilisha tu baada ya miaka michache. Skrini ya gari inabaki kuwa kioo cha kuonyeshea. Haihitaji akili nyingi, na kwa hiyo haizeeki haraka. Watengenezaji wenyewe walilielewa hili mapema. CarPlay ilipozinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Machi 2014, mojawapo ya magari ya kwanza kuonyeshwa nayo lilikuwa Ferrari FF. Android Auto ikafuata mwaka 2015. McLaren 720S ya mwaka 2017 haikuwa na CarPlay, lakini Artura iliyokuja baadaye ikawa nayo. Ferrari Purosangue ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi: haina ramani yake yenyewe, inategemea simu ya dereva. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilidhani ni ubahili. Sasa naona ni busara, maana hakuna ramani ya kiwandani itakayokuja kuchakaa humo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka kwa Porsche. Mwaka 2020 walianza kuuza redio mpya zenye CarPlay kwa ajili ya magari yao ya zamani, zikiwa na sura ya redio za enzi hizo na zinazoingia kwenye tundu lilelile la redio ya awali. Mwenye Porsche 911 ya miaka ya sabini anaweza kuongozwa njia na simu yake bila kukata kipande cha dashibodi. Inawezekana kwa sababu redio ya zamani ilikuwa kitu kinachojitegemea, unakichomoa na kuweka kingine. Ukinunua gari la spoti lililotumika na lisilo na CarPlay, swali la kwanza kwa fundi liwe hilo: redio inachomoka, au imeshonwa pamoja na kiyoyozi, kamera na mipangilio ya gari? Ikiwa inachomoka, usiache gari zuri kwa sababu ya redio. Ikiwa imeshonwa na kila kitu, fikiria mara mbili hata kama injini inakuimbia.

Kuna upande wa pili, na nitakuwa mwongo nikiuficha. Kuwa na CarPlay hakumaanishi uiguse ukiwa kwenye mwendo. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Kutafuta wimbo kwa sekunde mbili ni karibu mita 56 ambazo macho yako hayakuwa barabarani. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, TRL, iliwapima madereva wakitumia mifumo hii miwili, na wale waliokuwa wakigusa skrini walichelewa kuitikia kwa zaidi ya nusu ya muda wao wa kawaida. Gari la spoti lina kasi zaidi na viti vyake viko chini zaidi, kwa hiyo kosa dogo unalilipia haraka. Mimi huweka njia na muziki kabla ya kutoa gari kwenye maegesho, kisha skrini naiacha.

Ndiyo maana natazama sana vitufe. Mazda MX-5 ya kizazi cha sasa ina kirungu cha kuzungusha karibu na gia, na kwenye matoleo yake ya mwanzo, kugusa skrini kulikuwa kunazimwa gari likianza kutembea. Watu wengi walilalamika. Mimi nilipoliendesha kwa siku tatu nililizoea kiasi cha kutamani magari yote yangekuwa hivyo: mkono unashuka kutoka kwenye gia, vidole vinakuta kirungu pale pale kila mara, unahesabu mibonyo miwili, macho yako barabarani. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, nao wameweka vigezo vipya kuanzia 2026: gari hupata alama zaidi ikiwa indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura vina vitufe halisi. Ningeongeza sauti ya redio na joto la kiyoyozi kwenye orodha hiyo bila kusita.

Kama unakwenda kujaribu gari la spoti, nenda na simu yako pamoja na waya wako. Usikubali maelezo ya muuzaji kwamba inaunganika. Iunganishe mwenyewe, zima gari, liwashe tena, uone inachukua muda gani kurudi. Ikiwa ni gari la kufungua paa, lifungue jua likiwa kali ukaangalie kama skrini inasomeka. Vaa na miwani yako ya jua, kwa sababu miwani yenye kioo cha kukata mng'ao (polarized) inaweza kuifanya skrini ionekane nyeusi tii, na hilo hutaligundua ndani ya jengo la mauzo. Kisha tafuta simu itakaa wapi. Magari haya ni madogo, na nimeona moja ambalo tundu la USB liko nyuma ya kiwiko cha dereva, waya unapita kwenye njia ya mkono unaobadili gia. Kuunganisha bila waya ni raha, lakini simu inapokaa kwenye chaja juani huku ikituma ramani hupata joto kali, mara nyingine mpaka inaacha kuchaji. Kwa safari ndefu mimi bado natumia waya.

Wanaopeleka magari kwenye viwanja vya mbio huniuliza kuhusu programu za simu za kupima muda wa mzunguko. Zitumie kujifurahisha. GPS ya simu kwa kawaida hupima mara moja kwa sekunde, na ukiwa kilomita 180 kwa saa hiyo ni mita 50 kati ya alama na alama. Huwezi kujua ulifunga breki wapi. Kifaa cha nje kinachopima mara 10 kwa sekunde kitakusaidia zaidi kuliko skrini yoyote.

Kitu kimoja nakitazama kwa wasiwasi. Mei 2025 Apple walizindua CarPlay Ultra, wakaanza na Aston Martin, na safari hii mfumo unachukua hata saa za mbele ya dereva, mwendo na mizunguko ya injini. Ramani ya simu nitaipokea kwa mikono miwili. Mshale wa mizunguko ya injini ningependa ubaki mali ya gari, maana huo ndio ninaousoma kwa pembe ya jicho kabla ya kubadili gia.

S2000 bado ninayo. Nyuma ya kile kifuniko sasa kuna redio mpya yenye CarPlay, na simu hukaa kwenye kisanduku cha katikati, kimefungwa. Nikitoka asubuhi bila mahali maalumu pa kwenda, kifuniko hukaa kimefungwa. Nikiwa na njia nisiyoijua, nakifungua, nasikiliza nielekee wapi, nakifunga tena.