Kukaza au kulegeza masharti ya biashara: tuangalie kwanza hasara inamwangukia nani

Mleta uzi, hoja yako nimeielewa hivi: serikali itoe mkono kwenye biashara na fedha, soko litawachuja wabovu lenyewe, na ushahidi wako ni nauli za ndege zilivyoshuka Marekani baada ya 1978. Mdau aliyekujibu hapo juu naye anashikilia kwamba kila mgogoro wa fedha umezaliwa na kulegeza masharti. Mimi nimefanya kazi benki kwa miaka mingi, kitengo cha kuhakikisha benki inafuata sheria, kisha nikatoka nikafungua biashara yangu ndogo ya kusafirisha mizigo. Kwa hiyo kanuni nimezisimamia, na zenyewe zimenisimamia. Naona wote wawili mnabishana kuhusu unene wa kitabu cha kanuni, na mmesahau kuuliza nani anaumia pale mwenye uamuzi anapokosea.

Tuanze na hizo ndege, maana mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Kabla ya 1978, bodi ya serikali iliyoitwa Civil Aeronautics Board ndiyo iliyopanga nauli na kuamua shirika gani liruke njia ipi. Ukitaka kumpunguzia abiria bei, omba kibali kwanza! Mchumi Alfred Kahn aliwekwa kuiongoza bodi hiyo, naye akawa mstari wa mbele kutaka mamlaka yake yaondolewe. Ilipofika 1985 bodi haikuwepo. Hapo nakuunga mkono bila kusita. Shirika likikosea nauli, hasara ni yake na ya wenye hisa. Pan Am, jina kubwa kiasi kile, ilikufa 1991 na watu wakaendelea kusafiri.

Ila sheria ile ya 1978 haikugusa usalama. Ukaguzi wa ndege ulibaki mikononi mwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Baadaye FAA ikazidi kuwaachia wafanyakazi wa Boeing kazi ya kuidhinisha ndege za Boeing, na matokeo tunayajua: 737 MAX mbili zilianguka, moja Oktoba 2018 na nyingine Machi 2019, wakafa watu 346. Abiria angewezaje kuikagua MCAS, programu iliyokuwa ikiisukuma pua ya ndege chini yenyewe, kabla ya kupanda, wakati hadi ajali ya kwanza marubani wenyewe walikuwa hawajaambiwa kwamba imo ndani ya ndege? Hapo soko halichuji kitu. Taarifa zinamfikia mteja akiwa ameshalipa kwa uhai wake.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko nilikotokea. Watu wakitaja kulegeza masharti hukimbilia mgogoro wa fedha wa 2008. Mimi napendelea kisa cha nyuma zaidi, vile vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vya Marekani, kwa sababu kinawaumbua wote, wa kukaza na wa kulegeza. Vyama vile vilikuwa vimefungwa kwa kanuni kila upande: riba ya kumlipa mwenye akiba ilikuwa na kikomo cha kisheria, na fedha zake karibu zote zilikwenda kwenye mikopo ya nyumba ya muda mrefu kwa riba isiyobadilika. Mfumuko wa bei ulipopanda mwishoni mwa miaka ya 1970, wenye akiba wakazihamishia fedha zao kwingine kwenye faida nzuri. Vyama vikabaki na mikopo ya riba ya zamani mkononi. Kanuni zenyewe ndizo zilizovikaba, na anayesema udhibiti hauna madhara atafakari hilo.

Halafu wabunge wakaja na dawa. Mwaka 1980 kikomo cha riba kikaanza kuondolewa kidogo kidogo, na papo hapo bima ya amana, yaani kinga ya serikali ya kumlipa mwenye akiba chama kikianguka, ikapandishwa kutoka dola 40,000 hadi 100,000 kwa kila mwenye akiba. Mwaka 1982 vyama vikaruhusiwa kukopesha miradi ya kibiashara ambayo havikuwa na uzoefu nayo. Yaani mwenye chama kilichokwisha kufilisika kimyakimya anaweza kutangaza riba ya juu, akavuta amana kutoka kila kona, akazitia kwenye majengo ya kubahatisha. Yakilipa, faida ni yake. Yakigoma, bima inalipa. Mwenye akiba hana sababu ya kuuliza maswali, kwani amekingwa. Kati ya 1986 na 1995 vyama 1,043 vilifungwa au kuokolewa, na mlipa kodi akatoa takriban dola bilioni 124. Huwezi kuita kile soko huria, mkuu. Walilegeza kamba ya mwenye kucheza kamari wakaacha bili kwa jirani yake.

Kisa hicho kilijirudia kwa sura nyingine 2023. Mwaka 2018 Marekani ilipandisha kiwango cha ukubwa ambacho benki ikikifikia inasimamiwa kwa ukali zaidi, kutoka dola bilioni 50 hadi 250. Silicon Valley Bank ilikuwa na mali za takriban bilioni 209, na mkuu wake alikuwa ameshawaomba maseneta miaka kadhaa kabla wakipandishe kiwango hicho. Ilikuwa imenunua hatifungani (hati za kukopesha zenye riba isiyobadilika) za muda mrefu riba zikiwa chini. Riba zilipopanda, thamani ya hatifungani hizo ikaporomoka. Tarehe 9 Machi wateja waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa. Zaidi ya asilimia 90 ya amana hazikuwa na bima, lakini serikali ikazilinda zote.

Niseme pia kinachowaudhi wanaotaka kukaza. Benki kuu ya Marekani ilijichunguza baada ya hapo na kukiri kwamba wasimamizi wake waliyaona baadhi ya matatizo na hawakuchukua hatua kwa nguvu ya kutosha. Hili nimelishuhudia kazini. Wakaguzi wanakuja, wanaandika dosari, menejimenti inajibu kwa barua ndefu yenye adabu, mwaka unaofuata dosari ni ileile. Sisi kitengoni tulikuwa na fomu juu ya fomu. Mfanyabiashara mdogo aliyekosa karatasi moja tulimrudisha, kwa sababu kumchunguza kunagharimu kuliko faida yake. Mteja mkubwa alipokosa karatasi ileile, ilipatikana njia. Fomu zote zilikuwa zimejazwa vizuri, na ukiniuliza kama benki ilikuwa salama zaidi kwa sababu ya fomu hizo, jibu langu ni hapana.

Makubaliano ya kwanza ya kimataifa ya Basel kuhusu mitaji ya benki, 1988, yalikuwa na kurasa 30. Ya tatu yana zaidi ya 600. Kadiri kanuni inavyokuwa na vipengele vingi, ndivyo anayeweza kuajiri wanasheria wengi anavyopata pa kupenya. Mimi ningechagua kanuni fupi na nzito: benki iwe na mtaji wake wa kutosha. Lehman Brothers, benki ya Marekani iliyofilisika 2008, mwishoni mwa 2007 ilikuwa na takriban dola 30 za mali kwa kila dola 1 ya wenye hisa. Mali zikishuka thamani kwa asilimia 4 tu, mtaji wote umekwisha. Ungewadai wenye hisa watie zaidi, wangeanza wenyewe kuwabana mameneja kabla mkaguzi hajafika.

Kwenye usafirishaji nilikutana na upande wa pili. Leseni hii inataka cheti kile, cheti kile kinataka leseni hii iwe hai, na ofisi tofauti zinakagua gari lilelile kwa kitu kilekile. Breki na uzito wa mzigo, kagueni hata kila wiki, maana breki zangu zikifeli anayegongwa siye mimi. Lakini kunitaka niombe ruhusa ya kubadilisha njia au nauli ni kunipotezea muda. Na ajabu ni kwamba waliopinga masharti hayo yapunguzwe kwenye chama chetu walikuwa wenye magari mengi. Wao wana karani wa kushughulikia vibali tu. Anayeanza na gari moja hana. Mchumi George Stigler aliliandika hilo 1971, kwamba mara nyingi udhibiti huombwa na sekta yenyewe na huishia kuihudumia. Nilipoketi kwenye kile kikao nilimwelewa vizuri.

Kuna mdau kauliza kuhusu sarafu za kidijitali. Kwangu ni kanuni mbili: fedha za wateja zitengwe na za kampuni, na akaunti zikaguliwe na mtu wa nje. FTX, soko la kununua na kuuza sarafu hizo, ilianguka Novemba 2022 kwa sababu amana za wateja zilikuwa zinatumiwa na kampuni dada, na hilo halihitaji sheria ya kurasa 600 kulikataza. Zaidi ya hapo, anayetaka kununua tokeni yenye picha ya mbwa kwa fedha yake mwenyewe, anunue.