Maswali ya Wasomaji: Kukereza Mbao kwa Kuanzia na Pia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani, naishi Kirumba jijini Mwanza, na nina umri wa miaka 43. Siku nzima nakaa mbele ya kompyuta, na jioni naona kama sijafanya kitu ambacho mtu anaweza kukishika. Mwezi uliopita nilipita kwenye karakana moja huko Nyakato nikamkuta fundi akikereza mguu wa meza, yaani akiuchonga ukiwa unazunguka kwenye mashine, nikasimama pale karibu saa nzima nikitazama maranda yakiruka. Sitaki biashara. Nataka kazi ya mikono ya Jumamosi, vitu vidogo vya nyumbani na vya zawadi. Je, nitafute mashine gani? Nitumie mbao gani? Na je, ni sawa nikianza na bakuli la matunda, ambalo mke wangu ameniomba?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni matatu, nami nitaanza na la mwisho kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua hayo mengine. Usianze na bakuli. Mwombe mama watoto akuvumilie, kisha anza na pia, ile pia ndogo ya watoto inayozungushwa kwa vidole viwili, na utengeneze pia thelathini kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Nina sababu za kusema hivyo. Katika bakuli, nyuzi za mbao hulala kukingama na mhimili wa mashine, kwa hiyo kila mzunguko mmoja makali hukutana mara mbili na nyuzi zilizosimama wima, na mkono usiozoea huona patasi inarukaruka bila kujua kinachoirusha. Kipande chenyewe ni kizito na hakina uwiano mwanzoni. Mimi nilianza na bakuli la mwembe, nikaweka patasi chini ya mahali ilipopaswa kuwa, makali yakang'ang'ania, kipande kikang'oka na kwenda kupiga ukuta wa bati kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Sikuumia, lakini miezi mitatu baadaye nilikuwa bado naiogopa mashine, na mtu anayeogopa hushika patasi kwa nguvu kiasi kwamba hawezi tena kusikia mbao inamwambia nini. Katika pia, nyuzi hufuata urefu wa kipande, makali huzimenya kama unavyomenya muwa, na kosa likitokea umepoteza kijiti cha sentimita kumi na mbili tu. Juu ya hayo, ndani ya kitu hicho kidogo mna karibu kila umbo utakalohitaji baadaye: mna mviringo, mteremko, mfuo na ncha.

Fanya hivi. Pasua kipande cha mraba cha sentimita 5 kwa 5, chenye urefu wa sentimita 12. Katika kila mwisho piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokatana ndipo kitovu. Kibane kati ya meno ya upande wa mota na ncha ya upande wa pili, kisha kabla ya kuwasha, kizungushe kwa mkono uhakikishe hakigusi egemeo, kile chuma ambacho patasi hulala juu yake. Kwanza ondoa pembe zote kwa bobari pana, ile patasi ya mviringo. Jambo la kushika hapa ni mpangilio wa mkono: patasi iguse egemeo kwanza, kisha mgongo wa makali ulale juu ya mbao inayozunguka bila kukata, na ndipo uinue mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Anayeanza kwa ncha, kabla mgongo haujalala, ndiye anayeng'ang'aniwa.

Pembe zikiisha sauti hubadilika. Ule mlio wa tata-tata-tata huungana na kuwa mvumo mmoja laini, nawe utaufahamu bila kusimamisha mashine. Hapo chonga tumbo la pia liwe pana na liwe chini, karibu na ncha, kwa sababu pia ambayo uzito wake umekaa chini na kuenea hukaa muda mrefu bila kuanguka, na ile yenye tumbo la juu hupepesuka mapema. Usiikate kabisa ikiwa inazunguka. Acha shingo nyembamba kama penseli, zima mashine, kisha malizia kwa msumeno mdogo. Sasa izungushe juu ya meza. Ncha yake isipokuwa katikati kabisa itatetemeka, na huhitaji mwalimu wa kukuambia kwamba umekosea.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hulipita, nami natamani ulichukue kuliko yote: makali. Nimewaona watu wakinunua mashine nzuri, wakikereza kwa patasi butu, wakasukuma kwa nguvu, wakapata uso uliochanika kama samaki aliyeparuliwa vibaya, kisha wakatafuta msasa ili kuficha. Msasa haufichi nyuzi zilizong'olewa. Patasi yenye makali hutoa maranda marefu yanayojikunja na kudondoka juu ya mkono wako yakiwa na uvuguvugu. Patasi butu hutoa vumbi. Ukiona vumbi, simama ukanoe, hata kama umenoa robo saa iliyopita, kwa maana mbao ngumu kama mpera au mninga hula makali haraka. Kwa bobari ya kuondolea pembe, mteremko wa makali wa takriban digrii 45 unatosha. Kwenye jiwe la mashine, gusa kwa wepesi na chovya chuma katika maji mara kwa mara kama ni chuma cha kawaida, kwa sababu kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umeondoka na makali hayatadumu. Mimi kila siku ya kazi huanza kwa kunoa, na ukiwa na fedha kidogo, gawa hivi: punguza kwenye mashine, usipunguze kwenye patasi na jiwe la kunolea.

Kuhusu mashine, ndogo ya mezani yenye nafasi ya sentimita 30 kati ya ncha mbili inakutosha kwa miaka kadhaa. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza pia kukuundia ukiwapelekea mota, beringi mbili na chuma cha pembe. Mota ya nusu hosipawa yenye kasi ya takriban mizunguko 1,400 kwa dakika inafaa sana. Puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye shafti zitakupa mizunguko 700. Puli zikilingana utapata 1,400 ileile. Ukizigeuza utapata 2,800. Ile pia ya watoto, anza kuiondoa pembe kwa 1,400, na ikishakuwa mviringo waweza kupanda hadi 2,800. Bakuli, siku yake ikifika, lianze kwa 700 au chini ya hapo.

Mbao usinunue kwanza. Karakana za samani hapa Mwanza hutoa kila siku vipande vya mninga na mkongo ambavyo huishia chini ya sufuria za mama lishe, na fundi ukimwomba kwa adabu atakujazia mfuko. Matawi ya mpera, mchungwa, mlimao na mwembe yaliyokatwa uani ni mazuri ajabu. Mpera hasa una nyuzi fupi zilizoshikana na hukubali umbo dogo bila kumeguka. Mgrevilea wa mashambani ni laini na hufaa kwa mazoezi. Mpingo uache kwa sasa. Ni mgumu, huua makali, na ni mzito hata ukitupa kipande chake ziwani kinazama moja kwa moja. Siku utakapoukereza kwa patasi iliyonolewa vyema utang'aa kabla hujaupaka chochote, lakini unastahili mkono uliokwisha kujifunza. Mti huu hukua polepole sana, na kuharibu kipande chake kwa majaribio kunaniuma.

Kuna mbao mbili ambazo nakukataza kabisa. Ya kwanza ni vipande vya nguzo za umeme, ambavyo watu huviokota kwa kuona ni vikavu na vimenyooka: nguzo hizo hutiwa dawa kali za kuzuia mchwa, nyingine zikiwa na arseniki, na vumbi lake si la kuvuta. Ya pili ni mnyaa, ule wa uzio uliotapakaa Usukumani kote, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa.

Vumbi la mbao yoyote lisichukuliwe kimzaha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa na fanyia kazi mahali penye upepo. Miwani ya kinga ni lazima kila mara. Glovu ni marufuku, kwa kuwa mashine ikishika glovu inachukua na mkono. Vivyo hivyo kwa shati la mikono mirefu, kikoi kilicholegea, na ile kamba ya kitambulisho cha kazini ambayo huenda ukaisahau shingoni ukitoka ofisini. Umeme ukikatika, zima swichi hapohapo kabla ya kwenda kutafuta tochi, kwa sababu umeme ukirudi ghafla mashine itazunguka yenyewe, na patasi huenda umeilaza juu ya egemeo.

SWALI: Salaam fundi. Mwanangu ana miaka 12, tupo Nansio, Ukerewe, na umeme wetu ni wa sola ndogo ya taa. Anapenda kuchonga vijiti. Je, kuna namna ya kukereza bila umeme, na je, ni salama kwa mtoto?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Ipo, mama, na ndiyo ya zamani kuliko mota zote. Simamisha miti miwili imara ardhini yenye ncha za chuma zinazotazamana, na kipande cha mbao kikae kati yake. Juu funga ufito unaopinda na kurudi, kama wa mwanzi; kutoka ufitoni shusha kamba, izungushe mara moja kwenye kipande, kisha ifunge kwenye kikanyagio cha ubao chini. Mguu ukikanyaga, mbao huzunguka kumjia mkerezaji. Mguu ukiinuka, ufito huvuta kamba na mbao hurudi nyuma. Hukatwa tu inapomjia.

Kwa mtoto napendelea mashine hii kuliko ya umeme. Mguu ukisimama kila kitu kinasimama, haitoi vumbi jembamba, na kwa kuwa nguvu ni yake mwenyewe, atajua patasi imekuwa butu kwa uchovu wa paja lake. Avae miwani, mtu mzima awe karibu, na patasi inolewe na mkubwa kwanza. Mbao mbichi ndiyo hukatika vizuri hapa, hivyo tawi la mpera lililokatwa jana linamfaa kuliko ubao mkavu. Mwanzie na kipini cha kisu cha jikoni au mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu, ili kazi yake ionekane ikitumika mezani kwako.

SWALI: Fundi, nilikereza bakuli la mwembe mbichi, likatoka zuri, nikalipaka mafuta ya alizeti na kuliweka dirishani. Baada ya siku nne likapasuka kutoka ukingoni hadi katikati, na sasa linanuka. Nimekosea wapi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Umekosea mahali pawili, ndugu, na pote panarekebishika katika bakuli lijalo. Mbao mbichi hukauka kwa nje kabla ya ndani, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Dirisha lenye jua na upepo wa ziwa liliharakisha upande mmoja, ukavutana na mwingine mpaka ukapasuka. Mwembe mbichi ukereze mara mbili. Mara ya kwanza acha ukuta mnene, takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa bakuli la sentimita 20, na uhakikishe kitovu cha gogo hakimo ndani yake, kwa maana nyufa nyingi huanzia hapo. Kisha lipake nta kwenye sehemu zenye nyuzi zilizokatwa, litie katika mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, na ulifiche kivulini mbali na paa la bati. Usilikawize likiwa gogo, kwani mwembe hushika ukungu na bungua upesi.

Lipime kwa mizani kila wiki na uandike uzito kwa penseli chini yake. Mwanzoni utashuka sana, kisha kidogo, na utakapokaa palepale kwa wiki tatu mfululizo bakuli limekauka, japo limepinda kuwa na umbo la yai. Lirudishe kwenye mashine, liweke sawa, na ukuta huo mnene ndio utakaokupa nafasi ya kulifanya liwe mviringo tena.

Harufu ni ya mafuta ya alizeti, ambayo huchacha. Tafuta mafuta ya parafini yanayouzwa katika duka la dawa pamoja na nta ya nyuki, ambayo wenzetu wa Tabora huitoa kwa wingi. Weka sehemu moja ya nta na nne za mafuta katika chombo, kiweke chombo hicho ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe, na ukoroge mpaka nta iyeyuke. Paka ingali vuguvugu, subiri usiku mmoja, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Hilo lililopasuka usilitupe: vipande vyake vikikauka huenda vikafaa kwa pia ndogo.