Sukari Imetulia, Mbona Macho Yanavuja?

Juzi dada mmoja wa Likoni ameniandikia. Kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kimetoka asilimia 6.9, mahamri ameyapa talaka, soda hajui tena ladha yake, na bado daktari wa macho amemwambia vimishipa vya nyuma ya jicho vimeanza kuvuja. "Sasa nilijinyima ya nini?" aniuliza.

Dadangu, hiyo 6.9 ni kazi kubwa na usiidharau. Lakini mimi nilikuuliza presha, ukanijibu 162 kwa 74. Hebu toa ya chini kwenye ya juu: inabaki 88.

Mimi ni mtu wa sukari tangu kitinda mimba wangu hajaanza shule, na leo yeye ndiye ananiletea mjukuu. Wanaonijua Kibokoni watakwambia: harusini sinia la biriani hupita mbele yangu nami nimeshika kachumbari. Shoga zangu walinicheka wee, na sasa baadhi yao ndio wanaonipigia simu usiku kuuliza dawa ipi inywewe kabla ya chakula. Kwa hivyo asinambie mtu kwamba niliponzwa na mdomo. Kila nikienda kliniki, ambayo jina lake silitaji, muuguzi hunifunga mkanda mkononi, asome 160 na kitu kwa 70 na kitu, aandike, kisha aseme, "Ya chini iko sawa, mama. Hiyo ya juu ni umri tu." Umri tu! Miaka imepita juu ya neno hilo, na hadi leo likinijia moyo hunipanda.

Aliyelipangua ni binti mmoja daktari wa macho, rika la kifungua mimba wangu. Alinitia matone, mboni zikapanuka, akachungulia, akaona vidoa vyekundu. Nikajiandaa kukaripiwa kwa ajili ya sukari. Yeye akaomba kadi yangu ya presha, akafanya hesabu pembeni, akaizungushia 90 duara. Tofauti ya kawaida, akasema, huwa karibu 40. Ikizidi 60 kwa mtu wa makamo kwenda juu, mara nyingi ni dalili kwamba mishipa mikubwa imekakamaa.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, hutanuka moyo unapopiga, kisha hujikunja na kuisukuma damu taratibu moyo unapopumzika. Ndiyo maana damu hufika kwenye vimishipa vidogo ikiwa imepungua ukali. Umri na presha hukaza mshipa huo, na sukari huongeza lake: hunata kwenye kolajeni, zile nyuzi za protini za ukuta wa mshipa, na kuifunga nyuzi kwa nyuzi, hadi uwe kama mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani mwaka mzima. Haujikunji tena. Namba ya juu hupanda, ya chini hushuka, na kishindo cha kila pigo hupita hadi kwenye figo, ubongo na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ambako vimishipa ni vyembamba na kuta zake tayari zimeshadhoofishwa na sukari. Vinatuna, vinavuja maji na damu. Sisemi sukari haina hatia, maana ndiyo inayofanya kazi pande zote mbili. Na ile ya miaka ya nyuma, kabla hujajipanga, huacha alama hata leo kipimo kikiwa kizuri.

Ushahidi wa presha si wa jana. Mwaka 1998 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti uitwao UKPDS. Wagonjwa wa sukari ya aina ya 2 waliobanwa presha walikuwa na wastani wa 144 kwa 82, wenzao 154 kwa 87. Pengo la 10 tu juu! Baada ya miaka 9, hatari ya ugonjwa wa retina kuzidi ilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kwa wale waliobanwa. Halafu mtu ananiambia anameza vidonge vya presha siku kichwa kikimuuma.

Jamani, tuambiane ukweli. Sisi wa Mombasa tunaogopa sukari ya kaimati lakini chumvi ya papa na achari hatuihesabu. Shisha baraza zima, na ndani yake mna mgonjwa. Ukipimwa, dai namba zote mbili, uziandike. Tembea, ufuo wa Mama Ngina upo. Na macho yapimwe kwa matone kila mwaka, tangu siku ile unapoambiwa una aina ya 2, hata kama unasoma msahafu bila miwani. Retina huharibika pasipo maumivu, na leza au sindano ya jicho hufaa zaidi ukiwahi.

Wewe wa Likoni: pima presha asubuhi na jioni wiki nzima, peleka daftari kwa daktari wako, umuulize kuhusu hiyo 88. Usijiongezee dawa mwenyewe, maana ya chini nayo ikishuka mno ni balaa jingine. Na siku ya matone nenda na mtu. Feri ile na jua lile, mboni zikiwa wazi, ngazi huzioni.